Thelathini kwa Kila Herufi

Veneranda alikuwa na kipaji kimoja ambacho watu wengi hawana: alijua cha kutupa. Wengine hurundika. Mama yake, pale Buzebazeba, alijaza chumba kizima madumu ya mawese yaliyopasuka na redio tatu zilizokufa zamani, akisema ipo siku vitafaa. Veneranda hakuwa na ipo siku. Kitu kikishamaliza kazi yake, nje. Kwa kipaji hicho, akiwa na miaka thelathini na moja, aliiokoa maabara ya mradi pale Kigoma, na kwa kipaji hichohicho alimpofusha mwanamke aliyemfundisha kushika sindano. Yasemwe yote mawili mapema, asije mtu akakaa anasubiri muujiza.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vinne juu ya kilima, na kazi yake ilikuwa moja. Makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu yaliletwa kutoka zahanati za mkoa, Kagunga mpaka Simbo, vimelea vikaoteshwa, kisha vinasaba vyao vikasomwa herufi moja baada ya nyingine. Herufi ni nne tu, A, C, G na T, zimepangwa kwa mamilioni. Ikibadilika moja mahali pabaya, mgonjwa ana kifua kikuu sugu, na dawa za kawaida kwake ni sawa na maji. Huyo huanzishiwa dawa kali.

Mashine ya kusomea haikuzidi ukubwa wa kiatu cha mtoto, lakini ilikuwa na adabu kuliko wakubwa wengi wa ofisi. Kila iliposoma herufi iliandika pembeni alama ya uhakika wake. Arobaini maana yake naona wazi kabisa. Ishirini, naona. Kumi, nabahatisha, na katika kila herufi kumi za namna hii moja nimekosea. Haikuona aibu kusema sijui vizuri. Iliandika shaka yake yote, herufi kwa herufi, na shaka hiyo ndiyo iliyojaza diski.

Maana mafaili yalipaswa kutumwa Dar es Salaam, ambako programu kubwa ilitoa jibu, na intaneti ya kilima kile ilikuwa ya kuombea dua. Kazi ya siku moja ilichukua siku mbili kwenda. Majibu yakachelewa, wagonjwa wakafa na majibu yao yapo njiani, na wakubwa wa mradi wakaanza kusema labda maabara ihamishiwe mkoa mwingine. Hapo ndipo Veneranda, mtunza data ambaye mkuu wa maabara Dokta Telesphory alikuwa akimwita "yule binti wa kompyuta", alipoyapima mafaili akakuta kuwa karibu robo tatu ya uzito wake si herufi. Ni alama.

Akajiuliza, madaraja arobaini ya nini? Akaandika programu iliyobakiza mawili: hakika na shaka. Mwanzoni mpaka wake aliuweka kwenye ishirini, na mambo yakawa magumu, kwa sababu sampuli nyingi zilirudi zimeandikwa "haisomeki", na waganga wakapiga simu kulalamika kwamba wagonjwa wamechoka kurudi kutema mate. Dokta Telesphory akasimama mlangoni, akauliza kama hiyo ndiyo akili mpya waliyoletewa. Veneranda akaushusha mpaka huo, ukafika kumi. Kuanzia kumi kwenda juu, kila herufi ikapewa thelathini. Aliyeona wazi, thelathini. Aliyebahatisha, thelathini. Simu zikakoma siku ileile.

Mafaili yakapungua yakawa robo. Yalitumwa asubuhi, majibu yakarudi jioni. Na kila Ijumaa, ujumbe wa "Imepokelewa" ulipoingia kutoka Dar, Veneranda alifuta mafaili ya awali yenye alama kamili ili diski ipumue. Alipenda Ijumaa. Alibonyeza kitufe, akatazama nafasi ikifunguka kwenye kioo, akaenda nyumbani amenyooka mgongo. Dokta Telesphory naye akajifunza jina lake, akawa analitaja mbele ya wageni, Veneranda wetu.

Ukuta wa nyumba yao Buzebazeba ulipakana na wa Bibiana, ambaye watu walimwita Mama Elida kwa jina la binti yake wa pekee, aliyeolewa Kasulu. Wazazi wa Bibiana walivuka ziwa kutoka Kongo na mafungu mawili ya nguo. Yeye alizaliwa hapahapa, na kwa kudarizi mashuka hakuwa na mpinzani kuanzia Ujiji mpaka Mwanga. Hapakuwa na bibi harusi wa mtaa ule aliyelala kitandani pasipo maua ya Bibiana. Veneranda alipokuwa na miaka tisa alikaa miguuni pake kila likizo akijifunza. Bibiana hakuwa na huruma na mshono. Alikuwa hatazami mbele ya kitambaa, anakigeuza nyuma, na akikuta mahali mkono ulipositasita anasema neno moja tu: fumua. Mtoto alifumua akilia. Ukisema mbele hapaonekani, Bibiana alikujibu kwamba yeye ameshapaona.

Mwezi wa kwanza Bibiana alianza kukohoa na kukonda. Alikwenda kliniki kimyakimya, kwa sababu kifua kikuu mtaani kina midomo mingi. Katriji za mashine ya kawaida ya kupimia zilikuwa zimeisha mkoa mzima, hivyo makohozi yake yakapandishwa kilimani kwa Veneranda, yakiwa namba tu. Jibu likarudi: sugu. Akaanzishiwa dawa kali za miezi sita, vidonge vya kumeza kila siku mbele ya mhudumu.

Mtu pekee aliyemwambia ni Veneranda. Alimwita uani mchana mmoja, akatoa kadi ya matibabu kwenye pochi, akamwomba amsomee maandishi madogo. Juu ya kadi palikuwa na namba 417. Veneranda akamsomea, akamtuliza, akamwambia jibu hilo limepitia mikononi mwake mwenyewe, na Bibiana akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akasema basi hana wasiwasi, maana anamjua aliyefundisha mikono hiyo.

Kidonge kimoja kati ya vile kina tabia mbaya. Kikikaa mwilini kwa miezi, kinaweza kula mishipa ya fahamu ya macho na ya vidole. Huanza na rangi. Kikiachwa mapema macho hurudi, kikiendelea, hayarudi. Kliniki walimweleza Bibiana kwamba akiona ukungu aseme, naye akasubiri ukungu. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi ndizo hutangulia, na yeye aliyeishi kwa rangi miaka arobaini hakuwa na sababu ya kuzishuku.

Akina mama wa jumuiya ya kanisani walikuwa wamempa kitambaa cha altare cha sikukuu ya Pentekoste. Alikidarizi mwezi mzima: njiwa mweupe, na chini yake ndimi kumi na mbili za moto. Wiki moja kabla ya sikukuu Regina, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja na wenzake kukichukua. "Mwakeye," wakasalimia Kiha pale mlangoni, wakakaa, wakafunuliwa kitambaa. Ndimi zote kumi na mbili zilikuwa za kijani.

Bibiana alikuwa anatabasamu akingoja sifa. Mmoja akaanza kucheka, mwingine akamfuata, na Regina akauliza kwa upole wa kuua kama siku hizi Roho Mtakatifu anashuka na mchicha. Bibiana alikivuta kitambaa, akakisogeza machoni, akakipeleka dirishani. Alisema ni chekundu. Hapo kicheko kikaisha, na kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu Regina alimwinamia akamnusa mdomo. Wakaondoka wakamwachia kitambaa chake, na kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mama Elida amekuwa mlevi.

Veneranda aliyasikia hayo kwa mama yake, aliyeyasimulia akicheka. Yeye hakucheka. Aliwahi kuisoma karatasi ya madhara ya dawa zile, na alijua kijani kile kimetoka wapi. Sifa hiyo apewe: hakulala vizuri, na asubuhi alimshika Bibiana mkono akampeleka mwenyewe kliniki.

Daktari pale alikuwa Catherine, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno. Alimpima Bibiana macho, akakunja uso, akamwita Veneranda pembeni. Alimweleza kwamba akikitoa kile kidonge tiba nzima inalegea, na mbadala wake mkoani haupo. Kama ugonjwa kweli ni sugu, kukitoa ni kumuua mama huyu kwa kifua. Lakini kama si sugu, anakitoa leo hii, anamrudisha kwenye dawa za kawaida, na macho yatapona. Kuotesha makohozi mapya haiwezekani, kwa kuwa vimelea vimeshakufa kwa dawa, hakuna cha kusoma. Kilichobaki ni usomaji ule wa mwezi wa kwanza.

"Nataka jibu moja kutoka kwenu," Catherine alisema, akimpa barua yenye mhuri. "Ile herufi iliyosema sugu, mashine ilikuwa na uhakika nayo kiasi gani? Nipe kwa maandishi. Nina wiki mbili, labda tatu, kabla macho hayajafika yasikorudi."

Veneranda alipanda kilima akafungua faili la 417. Herufi ilikuwa pale, T mahali pa C, na pembeni yake thelathini. Angeweza kuishia hapo na moyo mweupe, kama angekuwa mtu mwingine. Lakini kwenye droo yake palikuwa na flashi moja. Baada ya siku chache alikuwa anakwenda Arusha kwenye mkutano mkubwa kuonyesha programu yake, na kwa ajili ya mkutano huo, yeye asiyetunza kitu, alikuwa ametunza mafaili ya awali ya wiki sita za kwanza, ili watu waone kubwa na dogo yanavyofanana. 417 ilikuwemo. Ilikuwa nakala pekee iliyobaki duniani.

Akaifungua. Siku ile, akakumbuka, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka na chumba kilikuwa na joto kama tanuri. Mashine ilikuwa imepita mahali pale mara tisa. Mara nne iliona C, herufi ya mtu wa dawa za kawaida, kwa alama thelathini na nane, thelathini na sita, thelathini na tisa, thelathini na saba. Mara tano iliona T, kwa alama kumi na moja, kumi, kumi na mbili, kumi, kumi na moja. Wanne walioona wazi walishindwa kwa kura na watano waliobahatisha, kwa sababu Veneranda aliwapa wote thelathini. Kama mpaka ungebaki kwenye ishirini, wale watano wangenyamazishwa. Kama angeacha kila kitu kama mashine ilivyokiandika, pia. Bibiana hakuwa na kifua kikuu sugu. Hajawahi kuwa nacho.

Alitoka na flashi mkononi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Dokta Telesphory. Alikuwa amekusudia kusema. Hilo nalo ni kweli, na halimsaidii. Mkuu alisimama alipomwona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia barua imetoka Dar asubuhi hiyo: mradi unaichukua programu yake kwa maabara zote za nchi, yeye ndiye atakayeisimamia, na itatangazwa Arusha, jukwaani, kwa jina lake. Kisha akauliza alikuwa na shida gani.

Veneranda alisema kliniki wanauliza kuhusu sampuli moja. Dokta akauliza kama faili lina tatizo.

"Faili linasema thelathini," Veneranda akajibu.

"Basi waandikie thelathini."

Hakuna aliyemshikia kisu. Dokta alikuwa tayari ameshachukua simu kumpigia mtu mwingine habari njema. Veneranda alirudi mezani, akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista: alama ya uhakika ya herufi husika, 30; jibu linasimama. Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Akajiahidi kwamba akirudi kutoka Arusha, siku nane tu, atakwenda kwa Catherine na ile flashi na kusema yote. Aliiamini ahadi hiyo kabisa, ndiyo maana alikula vizuri mchana ule.

Arusha alipendeza. Alionyesha kubwa na dogo kwenye ukuta mweupe, akaeleza namna ya kuacha kubeba mzigo usio na faida, watu wakaandika. Mzee mmoja wa nyuma alinyoosha mkono akauliza kama katika wagonjwa wote wale yupo hata mmoja ambaye jibu lake lilibadilika kwa sababu ya kupunguzwa kwa alama.

Veneranda alimtazama. Pale ndipo alipoamua kweli, na hakuchukua muda.

"Hakuna hata mmoja," alisema, na ukumbi ukapiga makofi.

Aliporudi Kigoma siku nane zilikuwa zimeshakuwa kumi na tatu, kwa sababu walimbakiza kwa mazungumzo. Bibiana alikuwa amekaa kwenye kizingiti, uso ameuelekeza barabarani. Veneranda alipomwamkia, mama huyo aliitafuta sauti kwa sikio. Alimwambia kwamba sasa anaona vivuli tu, lakini daktari amempa moyo, akasema maabara imethibitisha, dawa ni sahihi, tuvumilie tumalize.

Ijumaa iliyofuata, saa saba mchana, Veneranda alichomeka flashi kwenye kompyuta. Aliitazama namba 417 kwa muda wa kutosha mtu kunywa chai. Macho yale hayarudi tena, alijiambia, ukweli hautaona kwa niaba yake. Akabonyeza. Nafasi ikafunguka kwenye kioo, na akaona haya kugundua kwamba mgongo wake umenyooka kama Ijumaa zote.

Bibiana alimaliza dawa mwezi wa saba. Alipona. Catherine alimwandikia cheti cha kupona, na Elida akaja kutoka Kasulu kumpika mama yake uji wa shukrani. Mtaani walikuwa wamejua sasa kwamba hakuwa mlevi, na Regina alikuja kuomba radhi na akaomba pia, kwa kuwa wanaona ataudhika wakimnyima, kitambaa kile akimalize kwa sikukuu ijayo ya mashahidi, ambayo nayo rangi yake ni nyekundu. Alijua mwanamke huyo haoni. Alidhani anafanya wema.

Elida aliifumua ile mishono yote ya kijani, na matundu ya sindano yakabaki kwenye kitambaa, ulimi kwa ulimi. Bibiana alikusudia kuyafuata. Vidole vyake navyo vilikuwa vimekufa ganzi, hivyo alikiinua kitambaa, akalitafuta tundu kwa mdomo wa chini, ndipo akaisukuma sindano.

Jumamosi moja asubuhi Veneranda alipita kumuaga. Alikuwa anahamia Dar, kwenye kazi yake mpya, na gari la mradi la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa barabarani linaunguruma. Elida alikuwa amekwenda sokoni. Alimkuta Bibiana mkekani, kopo la nyuzi mapajani, sindano tupu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na Mungu. Nitungie uzi, mwekundu." Alinyoosha sindano upande ambao Veneranda hakuwepo. "Unajua, Regina na wenzake wananiambia labda pale kilimani walikosea, nishtaki. Nikawaambia, Veneranda yuko pale. Angekuwa na shaka na mshono, angefumua. Nilimfundisha mimi."

Veneranda alipiga magoti akafungua kopo. Palikuwa na kijani tele, zambarau, njano kidogo. Kibiringo cha uzi mwekundu kilikuwa kimebaki gamba tupu. Duka la Yasmini lililouza nyuzi lilikuwa pale kwenye kona, dakika tano kwenda na kurudi. Barabarani dereva akapiga honi.

Akakata uzi wa kijani, akaulamba ncha, akautunga, akaiweka sindano kwenye vidole vya Bibiana na kuvikunja juu yake kwa kuwa vyenyewe havikuhisi.

"Ni mwekundu?"

"Ni mwekundu, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bibiana akatabasamu, akamtakia safari njema, akamwombea baraka kwa Kiswahili cha wazazi wake kutoka ng'ambo. Kisha akakiinua kitambaa, akalitafuta tundu la kwanza kwa mdomo, akaanza kushona.